Pamba amefungwa kizazi, na nyumbani hatumtambui tena

SWALI

Daktari, pole na majukumu. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu, na leo nami yamenifika.

Nina paka wawili, ndugu wa tumbo moja, wote majike, umri wao ni kama miezi saba. Mmoja ni mweupe, tunamwita Pamba. Mwenzake ana milia ya kijivu, huyo ni Kito. Tangu tuwachukue wamelala pamoja, wanalambana masikio, wanafukuzana nyumba nzima hadi mapazia yanashuka. Pamba ndiye mpole. Nikikaa tu anapanda mapajani, anakandakanda nguo yangu kwa vidole, kisha anasinzia. Binti yangu wa miaka tisa humwambia yeye siri zote ambazo mimi siambiwi.

Mambo yalianza kubadilika Kito alipopata joto. Analia usiku kucha, anajiviringisha sakafuni, ukimgusa mgongo anainua makalio na kuusogeza mkia pembeni. Nje mashume yalikuwa yanagombana chini ya dirisha. Nikawapeleka wote wawili kwa daktari wa mifugo. Akasema Kito tumsubiri joto lipite, lakini Pamba, ambaye alikuwa hajaanza, afungwe kizazi mapema. Nikakubali.

Pamba alirudi jioni ileile, na kwa kweli sikumjua. Macho yamemtoka, mboni zimejaa weusi mtupu, anayumba. Baada ya muda akaanza kusugua mashavu kwenye mguu wa meza, akajiviringisha, akakandakanda blanketi bila kuchoka, vilevile kama Kito akiwa kwenye joto! Nikajiuliza wamemtoa nini basi. Hakurudia tena baada ya usiku ule. Ila alipomaliza aliingia chini ya kitanda, na nilipomnyooshea mkono akanifokea. Pamba hajawahi kunifokea maishani mwake.

Kilichoniumiza zaidi ni Kito. Alimsogelea ndugu yake, akamnusa, akaruka nyuma na mkia umevimba, kisha akamzaba kofi la uso. Hadi leo, na wiki inakaribia kuisha, wakikutana mlangoni ni kufoka na kuunguruma.

Kula anakula, tena kupita zamani. Anamaliza chake anafuata cha mwenzake. Lakini hachezi. Kamba yake anayoipenda nikiivuta anaifuata kwa macho tu. Tumbo hataki liguswe. Binti yangu ameniuliza kama Pamba bado anampenda, nikakosa la kumjibu.

Na maneno ni mengi. Mume wangu anasema tumemtoa uhai, sasa kazi yake itakuwa kunenepa na kulala, hata panya hatamkimbiza. Dada yangu mkubwa anasema paka jike lazima azae japo mara moja ndipo atulie, na kwamba Pamba nimemdhulumu. Jirani ananishauri Kito nisimpeleke kabisa, kuna sindano ya kuzuia joto, anachomwa kila baada ya miezi kadhaa na mambo yanaisha bila kisu.

Miadi ya Kito inakaribia na nimeshashika simu nikitaka kuifuta. Je, Pamba wetu atarudi? Na Kito nimpeleke au nimwache?

Mwenye wasiwasi

JIBU

Dada, miadi ya Kito usiifute. Nimeanza na hilo kwa sababu simu iko mkononi mwako. Sababu zake nitazifikia, ila kwanza tumzungumze Pamba, maana ndiye anayekukosesha usingizi. Karibu kila ulichokieleza kumhusu nakijua chanzo chake, na sijaona hata kimoja kinachoniambia kwamba tabia yake imeharibika.

Usiku ule wa kwanza ulikuwa unamtazama paka mwenye dawa mwilini. Baadhi ya dawa za nusukaputi hupanua mboni na kumwacha paka anayumba saa nyingi baada ya kuamka. Mwanga unamkera, umbali wa vitu hawezi kuupima vizuri, kwa hiyo hukimbilia penye giza na kumfokea yeyote anayemfuata huko. Hali hiyo ikidumu saa 12 hadi 24 ni ya kawaida, na kwa wengine hugusa siku ya pili. Na kule kujisugua na kukandakanda blanketi kuna mhusika wake: dawa za maumivu za jamii ya afyuni, ambazo madaktari wengi huwapa paka kabla na baada ya kupasuliwa. Binadamu akipewa husinzia. Paka wengi huwaletea raha. Atakoroma, atakanda, atasugua mashavu kila kona huku macho yamemtoka, na asiyejua atasema joto limempanda. Dawa ikiisha mwilini, nayo hayo huisha. Umesema mwenyewe kwamba hakurudia baada ya usiku ule, na hilo linanitosha.

Kito naye hana chuki na ndugu yake. Paka hutambuana kwa pua kuliko kwa macho. Wanaoishi pamoja husuguana mashavu na mbavu kila siku, na kwa kusuguana huko hujipaka harufu moja ambayo kila mmoja anaibeba. Pamba alitoka nayo asubuhi, akarudi jioni ananuka spiriti, dawa ya kusafishia meza, mikono ya watu asiowajua Kito na wanyama wengine waliopita pale. Umbo ni la ndugu yake, harufu ni ya mgeni, na Kito akaiamini pua. Juu ya hayo alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye joto, hajatulia, na aliyemwona mbele yake alikuwa anatembea kwa kuyumba. Paka humshuku mwenzake anayetembea visivyo kawaida.

Hapa naomba uwe na subira ya kweli, kwa sababu nimeona watu wakiwashika paka wawili na kuwaweka uso kwa uso ili wapatane kwa lazima. Ugomvi ambao ungeisha kwa siku chache hugeuka wa miezi. Mpe Pamba chumba chake kwa sasa, chenye maji, chakula na trei yake ya mchanga. Chukua kitambaa laini, msugue Kito mashavuni na chini ya kidevu, kisha kitambaa hichohicho kipitishe mabegani kwa Pamba, mbali na mshono. Siku ya pili geuza, utoke kwa Pamba uende kwa Kito. Matandiko yao nayo wabadilishane. Chakula wape wakiwa pande mbili za mlango uliofungwa, ili harufu ya mwenzake imfikie kila mmoja wakati anapokula. Wakianza kula pale bila kunguruma, acha ufa mdogo, na uuongeze taratibu. Mmoja akifoka, rudi nyuma hatua moja, usimpigie kelele wala kumwadhibu. Ndugu waliolelewa pamoja, wengi wao hurudiana ndani ya siku chache, wachache huchukua wiki mbili au zaidi.

Jambo ambalo ningependa ulitazame kwa makini ni tumbo, kwa kuwa pale pana kidonda halisi. Daktari amefungua ngozi na ukuta wa misuli chini yake, akatoa ovari, na mara nyingi mfuko wa uzazi pia. Wewe unaona mshono wa sentimita chache. Ndani kuna tabaka nyingine zilizoshonwa ambazo huzioni. Kukataa kuguswa hapo ni haki yake. Na paka akiumwa halii, hujificha, ndiyo maana watu husema amenuna au amebadilika tabia wakati ana maumivu tu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa paka, na mambo matano wanayoyaangalia unaweza kuyaona ukiwa nyumbani. Masikio huachana na kugeukia nje. Macho husinyaa. Sehemu ya pua na mdomo hukazana na kupoteza ule umviringo wake. Sharubu hunyooka na kusogea mbele badala ya kulegea kwa mpindo. Kichwa hushuka hadi usawa wa mabega au chini yake. Mtazame akiwa macho na ametulia, si wakati analala wala anapojilamba. Ukiyaona hayo kwa pamoja, mpigie daktari wake aongeze au abadilishe dawa ya maumivu.

Dawa hiyo itoke kwake tu. Nasisitiza kwa uchungu kwa sababu kila tunapompokea paka aliyepewa paracetamol na mtu anayempenda, mara nyingi tunakuwa tumechelewa. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo. Damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka wa kahawia au bluu, uso na miguu huvimba, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumuua. Ibuprofen na aspirini nazo usimpe kwa kukadiria mwenyewe.

Mshono ukague asubuhi na jioni, bila kumpindua kwa nguvu. Msubiri ajinyooshe au muinueni kidogo miguu ya mbele mkiwa wawili. Kivimbe kidogo kigumu chini ya uzi, kisicho na joto wala maumivu, hutokea kwa paka wengi wakati mwili unaushughulikia uzi, na huisha chenyewe. Lakini mshono ukiwa mwekundu na wa moto, ukitoa usaha au damu, ukiachia, au uvimbe ukikua siku hadi siku, usisubiri kesho. Vivyo hivyo akitapika mara kwa mara, akikataa kula siku nzima, ufizi ukipauka kuwa mweupe, au akilegea kuliko jana. Kila siku anapaswa kuwa bora kidogo kuliko siku iliyotangulia. Akirudi nyuma, hiyo ni sababu tosha ya kupiga simu hata kama huwezi kutaja kasoro ni ipi. Akiulamba mshono sana, avae kola ya plastiki shingoni hata kama anachukia. Ulimi wa paka una miiba midogo, na kwa usiku mmoja unaweza kufungua kilichoshonwa.

Nina furaha kwamba anakula. Na hili la kutocheza, kwa juma hili ndilo hasa tunalolitaka: hadi siku 10 hata 14 zipite asiruke wala asikimbizane, ili misuli ishikane. Kule kuifuata kamba kwa macho kunaniambia hamu ipo, mwili ndio unaokataa.

Sasa niyaseme ya kudumu, maana mume wako na dada yako wanazungumzia hayo. Upasuaji huu unaondoa homoni za ovari, na kinachoondoka nazo ni yale yanayoendeshwa na homoni hizo. Kulia usiku kucha, kujiviringisha, kukojoa kwa kunyunyizia ukutani wakati wa joto, kutoroka kutafuta dume. Joto la paka linaongozwa na urefu wa mchana. Mbali na ikweta hupumzika miezi ya mchana mfupi, karibu na ikweta hujirudia mwaka mzima. Na paka jike kwa kawaida hatoi yai mpaka apandwe. Asipopandwa, joto linakaa kama wiki moja, linapoa, kisha linarudi baada ya wiki mbili au tatu, na mzunguko unaendelea hivyo. Watu huyaita mahaba. Mimi nikimwona paka aliyeacha kula, asiyelala, anayejigonga kwenye mlango usiku wa nne mfululizo, naona mnyama anayetaabika.

Kuwinda hakutoki kwenye ovari. Ni silika ya paka, naye huinoa kwa kumtazama mama yake na kwa mazoezi. Panya akipita mbele ya Pamba mwezi ujao, mume wako atajionea. Kucheza nako hakutoki huko, wala mazoea yake na binti yako. Paka hujifunza kumwamini binadamu zaidi katika wiki ya pili hadi ya saba ya maisha yake, na kilichojengeka wakati ule hakiko mahali kisu kilipopita. Mwambie binti kwamba Pamba ana kidonda na anampenda vilevile. Akitaka kumsaidia, akae sakafuni karibu naye asome kitabu kwa sauti ya chini, amwache Pamba aje mwenyewe. Mapajani asimpandishe mpaka tumbo lipone.

Kuna wanaokojoa kwa kunyunyizia hata baada ya kufungwa kizazi, kama watano kwa kila majike 100, na huwa ni kwa sababu ya msongo: paka mgeni, ugomvi ndani ya nyumba, trei chafu. Ndiyo sababu nyingine ya kuwapatanisha hao wawili bila papara.

Mume wako ana haki kwenye jambo moja, na tulichukulie kwa uzito. Baada ya ovari kuondoka, hamu ya chakula hupanda ndani ya siku chache tu, wakati matumizi ya nguvu mwilini yanashuka, kwa wastani asilimia 20 hadi 30. Pamba kufuata chakula cha Kito ni mwanzo wa hilo. Mkiacha bakuli limejaa saa zote, atanenepa, akinenepa hataruka, asiporuka atanenepa zaidi, na mtasema ni kisu. Unene kwa paka hufungua mlango wa kisukari na maumivu ya viungo. Kwa hiyo chakula kipimwe, kwa mizani ya jikoni kama ipo, kigawanywe mara tatu au nne kwa siku, na kila mmoja ale mahali pake. Bado anakua, kwa hiyo apewe chakula cha paka wadogo chenye lishe kamili na asinyimwe. Ukubwa wa kipimo ndio utakaoupunguza kwa ushauri wa daktari. Mpime uzito kila baada ya wiki mbili: jipime wewe ukiwa umembeba, kisha bila yeye. Pitisha vidole ubavuni. Mbavu unatakiwa uzihisi bila kubonyeza, na ukimtazama kwa juu uone kiuno.

Tena umri wenyewe hufanya kazi yake. Kati ya miezi saba na mwaka mmoja na nusu paka hutoka utotoni. Hata ambaye hajaguswa na kisu hupunguza kuparamia mapazia katika kipindi hicho. Kwa kuwa wengi hufungwa kizazi papo hapo wanapokaribia kukomaa, utulivu wa utu uzima unahesabiwa kuwa hasara ya upasuaji. Nimesikia lawama hiyo mara nyingi, na ninapouliza paka ana umri gani sasa, jibu linajieleza.

Kuhusu azae kwanza mara moja. Namheshimu dada yako, na najua amelisema kwa huruma, lakini hakuna faida ya kiafya wala ya tabia iliyowahi kuonekana kwa kumzalisha paka kabla ya kumfunga kizazi. Paka hawazi kwamba amekosa watoto. Kinachojulikana ni kinyume cha ushauri huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba paka waliofungwa kizazi kabla ya miezi sita walipungukiwa na hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 91, waliofungwa kati ya miezi saba na mwaka kwa asilimia 86, lakini waliofungwa katika mwaka wa pili ni asilimia 11 tu. Na uvimbe wa matiti kwa paka, tofauti na kwa mbwa, mara nyingi ni saratani kali. Kito ana miezi saba. Kumsubiri abebe mimba ya siku 63 hadi 65, azae wanne au watano, anyonyeshe, ni kuipoteza sehemu kubwa ya kinga hiyo, tena anaweza kushika mimba nyingine wakati wa kwanza bado wananyonya. Halafu kuna kizazi kujaa usaha, ugonjwa wa majike wasiofungwa, ambao huja kimyakimya na kuua. Pamba hataupata.

Sindano ya jirani yako naijua pia. Hizo ni homoni za kuiga homoni ya mimba. Zinazuia joto, ni kweli. Zikitumika mara kwa mara zinachochea uvimbe wa matiti, kizazi kujaa usaha na kisukari, yaani magonjwa yaleyale tunayoyakimbia. Kisu cha mara moja kwa paka kijana mwenye afya ni salama zaidi kuliko sindano ya miaka. Hatari ya nusukaputi ipo, sitakuficha, lakini ni ndogo kwa paka wa umri wao, na daktari aliyemtazama kwanza akaamua kumsubirisha mmoja na kuanza na mwingine ni mtu makini. Wakati wa joto mishipa ya kizazi hujaa damu. Upasuaji unawezekana, ila wengi hupendelea kusubiri ipoe.

Kwa hiyo mpeleke Kito ndani ya hizo wiki mbili tatu kabla joto halijarudi. Mpaka hapo milango na madirisha yafungwe, na shume yeyote asipate mwanya. Akikuponyoka hata kwa saa moja, mwambie daktari ukweli, kwa sababu anaweza kuwa ameshashika mimba na daktari lazima ajue kabla ya kumlaza. Mtajie siku ulipoona dalili za mwisho. Muulize mapema saa ya kumwondolea chakula. Paka mdogo hafungishwi njaa muda mrefu, maana sukari yake hushuka haraka, na maji aachiwe hadi mnapokaribia kuondoka. Usitoke pale bila dawa ya maumivu ya siku za nyumbani na maelezo ya kuitumia.

Na siku hiyo, kama kliniki itakubali, mchukue Pamba pia kwenye kapu lake mwenyewe ili daktari aukague mshono wake. Watarudi wote wawili wakiwa na harufu ya mahali pamoja, na utakuwa umempunguzia Kito kipigo alichokipata mwenzake. Hata hivyo usiku wa kwanza walale vyumba tofauti, kwa sababu Kito ndiye atakayekuwa anayumba safari hii.

Miezi ikipita na Pamba akaanza kweli kulia na kuinua makalio, siku kadhaa mfululizo, hiyo si dawa tena. Kuna uwezekano kipande cha ovari kilibaki, na arudi kwa daktari wakati dalili zipo ili achunguzwe damu. Ni nadra. Na kama ni Kito atakayeanza kujiviringisha tena kabla ya siku ya miadi, usimpeleke bila kusema wala usikae kimya nyumbani: piga simu siku hiyohiyo, uulize kama waendelee au wamsogeze mbele kwa wiki moja.